Viatu vya Njumu vya Evodia

Mtama ulikuwa umemwagwa sakafuni. Evodia aliuloweka mwenyewe asubuhi, akaujaza ndani ya viatu vyake vipya vya njumu, ili ukivimba uitanue ile ngozi ngumu kama ubao. Akaviacha barazani, akaenda na mama yake kupiga alizeti. Waliporudi mchana walikuta viatu vitupu, na ngozi ya pale vidole vinapokunjika imeshaingia mikunjo. Alivipinda kwa mkono, vikapindika.

"Kuku hao," alisema mama yake, Rebeka.

Kuku! Kuku gani huyo amwage mtama halafu asile hata punje moja?

Jumamosi Evodia alikuwa na majaribio ya timu ya mpira ya wanawake mjini Singida, na bahati kama hiyo haiji kijijini kwao Unyambwa kila mwaka. Zamani, kila alipopata viatu vipya, dada yake Luciana ndiye aliyevivaa kwanza. Namba yao ilikuwa moja, ila Luciana alikuwa na nyayo ngumu. "Lete hapa, mtoto wa kudeka," angesema, kisha angezunguka navyo uani wiki nzima, malengelenge yamtoke yeye. Luciana alikufa kwa malaria mwezi wa tatu.

Kesho yake, saa nane mchana, Evodia amejilaza chumbani, akasikia njumu zinatembea uani. Ko, ko, ko. Zikafika jikoni, zikageuka, zikarudi. Dirishani ikaingia harufu ya dawa ya kuchua, ile ile aliyokuwa akijipaka Luciana magotini baada ya mechi. Jamani, mimi na wewe tungetoka mbio. Evodia alitabasamu huku machozi yanamtiririka. Alikuwa amemkumbuka mno dada yake.

"Endelea, dada," alinong'ona.

Hapo ndipo alipokosea. Siku ya tatu aliamka vidole vya miguu vimekufa ganzi. Siku ya nne ganzi ilifika magotini, na mchana njumu zilipoanza tena alitaka kuinuka akafunge mlango, miguu ikakataa, na kadiri zile hatua zilivyoongeza kasi, zikikimbia sasa, zikizunguka nyumba mara moja, mara mbili, zikisimama nje ya dirisha kana kwamba mtu anavuta pumzi kisha zikaondoka tena mbio, ndivyo ubaridi ulivyompanda mapajani hadi akapiga ukelele.

Mama alimwita wifi yake, Marietha, kutoka Ihanja, mwanamke anayejua mambo ya mizimu. Marietha akazishika nyayo za Evodia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ulimwambia nini?"

"Aendelee."

"Mwanangu, marehemu hana miguu. Umempa yako."

"Luciana hawezi kunidhuru, shangazi."

"Anakupenda. Ndiyo maana mimi simuwezi." Shangazi alishusha sauti. "Vaa viatu, umkatalie kwa mdomo wako mwenyewe. La sivyo hutatembea tena."

Walimvalisha, wakamshika makwapa, shangazi akanyunyiza maji ya unga wa mtama uani. Ndani ya viatu mlikuwa na joto, kama vimevuliwa sasa hivi. Mara miguu ikaanza kwenda. Evodia hakuwa anaipeleka. Ilimtoa mikononi mwao, ikavuka ua, ikapita kwenye mabua ya alizeti, ikashika njia ya makaburini, naye huku nyuma anamsikia mama yake analia, mbele anaona udongo wa kaburi la dada yake ambao bado haujashikana, na harufu ya ile dawa imemjaa puani hata kupumua anashindwa.

"Dada, vua," alisema. Miguu ikapunguza mwendo. "Sitaki univalie tena. Nenda, Luciana. Nenda!"

Katika maisha yao yote hakuwahi kumfukuza. Miguu ikasimama. Harufu ikakatika, na ngozi ya viatu ikakakamaa ghafla, ikamng'ata visigino. Uchungu ule ulikuwa wake. Alikaa chini akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi.

Jumamosi aliingia uwanjani akichechemea, damu imelowesha soksi. Kocha, mama mmoja mpole, akamwonea huruma.

"Viatu vipya hivyo, binti. Hukuwa na mtu wa kukuvalia kwanza?"

"Sina," Evodia alisema, akaenda kupanga mstari na wenzake.