Bibi Abisha Hodi Kwenye Foleni

Haya, sogeeni niwaambie. Huyu hapa ni Zulfa. Amekaa kwenye gari la baba yake, na mapajani amepakata bakuli la tambi.

Ni mwezi wa Ramadhani. Leo Zulfa amefunga nusu siku, tena bila kulamba hata sukari!

Amemwahidi Bibi watafuturu pamoja. Bibi naye akasema, "Sili kitu mpaka nikuone."

Lakini jiji la Dar es Salaam lina foleni. Tena si foleni ya kitoto!

Magari mbele. Magari nyuma.
Piii! Piii! Pooo!

Gari linasogea kidogo. Dumbwi! Shimo! Tambi zinaruka, na Zulfa anazifunika haraka.

Simu inalia. Ni Bibi. "Mmefika wapi?"

"Tunafika sasa hivi, mama!" anasema Baba.

Wapi! Hata kona ya kwanza hawajapita.

Piii! Piii! Pooo!
Dumbwi! Shimo jingine. Hili ni kubwa, limejaa maji, na ndani yake bata anaoga.

Simu inalia tena. "Mmefika wapi? Jua linazama."

"Tunafika sasa hivi, mama!"

Zulfa anamtazama Baba. Bata naye anamtazama Baba.

"Baba, na wewe si umefunga?" anauliza Zulfa. "Mbona unadanganya?"

"Kho, kho," Baba anakohoa.

Zulfa anataka kulia. Bibi ana njaa, na Bibi hatakula! Zulfa anaichukua simu, anampigia mwenyewe.

"Bibi, hatufiki. Tumekwama kwenye shimo lenye bata. Wewe kula tu."

"Shimo la bata? Hilo la mbele ya fundi viatu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ala! Basi msiondoke hapo."

"Tuondoke twende wapi?" anaguna Baba.

Wanasubiri. Piii! Piii! Pooo!

Mara Zulfa anasikia kitu kingine.
Kong, kong, kong.

Ni mkongojo! Ni Bibi, anakuja kwa miguu. Analipita lori. Analipita basi. Anazipita bajaji tatu, na hakuna hata moja inayompita yeye.

Kong, kong, kong. Bibi anagonga mlango wa gari. "Hodi, hodi!"

"Karibu, Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi anaingia, anakaa, anamgeukia Baba. "Idrisa, mwanangu, hii sasa hivi yako ni ndefu kweli."

Baba anajikuna kichwa. "Nisamehe, mama."

Adhana inasikika. Bibi anafungua pindo la khanga yake, anatoa tende. Moja ya Zulfa, moja ya Baba, moja yake.

"Bismillahi," wanasema pamoja. Lo, tende tamu hiyo!

Kisha wanakula tambi. Dereva wa bajaji ya jirani anapata kidogo. Hata bata anapata.

Foleni inasogea polepole, mpaka wanafika nyumbani kwa Bibi. Zulfa anapanda kitandani.

"Lala sasa, Zulfa."

"Nalala sasa hivi, Bibi."

"Mh! Sasa hivi ya baba yako?"

Bibi anangoja jibu. Zulfa ameshalala.