Karibu Bila Hodi

Nyumba ilisema “Karibu ndani,” na hakuna aliyepiga hodi.

Ilikuwa mchana kweupe. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, gauni la bibi harusi limemjaa mapajani na pini midomoni. Akasikia kufuli la mlango wa mbele likijirudisha. Mlango ukafunguka kiasi cha kumpitisha mtu mwembamba, ukasubiri, kisha ukajifunga taratibu. Akatema pini kiganjani, akaenda kuchungulia. Uani hapakuwa na mtu, na geti lilikuwa limefungwa vilevile alivyoliacha asubuhi.

“Mitambo nayo huchoka,” alijisemea, akarudi kwenye gauni la watu.

Ila sebule ilikuwa imebadilika harufu. Ilinuka waya ulioungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi. Akafungua dirisha, akashona mpaka harufu ikapungua.

Sauti iliyosema karibu ilikuwa ya marehemu mumewe. Marehemu alikuwa fundi umeme, na kama mafundi wote, nyumba za watu alizimaliza kwanza, yake ikaja mwisho kabisa. Lakini alipoianza hakuisaza. Alitia makufuli yasiyotaka ufunguo, taa zinazosikia, mapazia yanayojivuta, na spika ndogo juu ya mlango. Vyote vilitii kisanduku kimoja cheusi kilichokaa stoo, jirani na gunia la mkaa. Ukipiga hodi nje, kisanduku kilisikiliza. Kama ni sauti ya mtu wa nyumbani, mlango ulijibu kwa sauti ya fundi mwenyewe na kufunguka. Kama ni mgeni, aliambiwa “Ngoja kidogo,” na kengele ikalia ndani. Majirani walicheka hadi wakachoka, na kuna waliokuwa wakipita makusudi ili wajibiwe na mlango.

Sentensi alizorekodi zilikuwa nne tu: Karibu ndani. Ngoja kidogo. Mlango umefungwa. Na ya mwisho, Lala salama, Kidoti, kwa ajili ya binti yao wa pekee mwenye alama nyeusi shavuni. Mshonaji ndiye aliyemshikia simu akirekodi, na kwa jinsi walivyokuwa wakichekeana siku ile, kwenye “Ngoja kidogo” kicheko chake kilinaswa, kidogo, nyuma ya sauti ya mumewe. Fundi akakataa kurudia. Alisema hapo ndipo palipokuwa patamu.

“Nyumba yangu haiombi ruhusa kwa mtu wa nje,” alizoea kusema, akikipigapiga kisanduku kama mtu anayempongeza ng'ombe. Hata intaneti ikikatika mtaa mzima, mlango wake uliwajua watu wake. Kiwanda kilikuwa kikimtumia ujumbe mara kwa mara, kikimtaka akubali sasisho jipya. Aliufuta bila kuusoma, akamkataza na mkewe asithubutu kuubonyeza.

Kisha akaanguka kutoka juu ya paa la mteja, na sauti ikabaki juu ya mlango.

Mama yake, yaani mama mkwe wa mshonaji, alihamia baada ya mazishi. Bibi yule alikuwa na tabia moja iliyomkata mkwewe maini. Alikuwa akitoka nje bila safari yoyote, anazunguka ua, anarudi mlangoni kupiga hodi, ili mwanawe amkaribishe.

Ndiyo maana ujumbe wa kiwanda ulipoingia kwenye simu ya mjane, ukisema kwamba kifaa kisichosasishwa kitaacha kufanya kazi, mshonaji hakuona maneno mengine yoyote. Aliona kwamba sauti itazimika. Alilikumbuka katazo la mumewe, akalikumbuka vizuri sana, na bado akabonyeza Kubali.

Kisanduku kikameta, kikanyamaza. Tangu hapo swichi za ukutani zikawa mapambo. Ukiibonyeza, taa inakawia kwanza, kama mtu anayeuliza mahali fulani, ndipo inawaka au inakataa. Amri zote zilikuwa zinatoka nje ya nyumba, zinaenda huko zinakokwenda, na jibu linarudi kutoka kwa asiyejulikana. Na ndani ya juma lile lile nyumba ikaanza kukaribisha bila hodi.

Kama yangeishia kwenye milango, mshonaji angetafuta fundi mwingine. Lakini alasiri moja, yuko peke yake, spika ikasema sentensi ya tano.

“Mshonaji wangu, mbona umekonda hivi?”

Mtu mwingine angekimbia. Yeye mkono ulimganda kwenye gurudumu la cherehani, machozi yakamtoka, na akajibu. Tena kwa furaha.

“Nimekonda kwa ajili yako.”

Hakumwambia mtu. Kila alasiri aliwatuma mama mkwe na Kidoti dukani, akakaa chini ya mlango kuzungumza. Harufu ya udongo hakuisikia tena, au aliizoea, mambo ambayo ni yale yale.

Aliyemzindua ni Kidoti. Mtoto aliacha kula. Mikono yake ikawa ya baridi hata juani, na jioni, giza likianza kushika madirisha, mlango wa chumba chake ukawa unajifunga naye akiwa ndani. Mshonaji na mama mkwe walisimama kwenye ujia, masikio yamegandana na ubao.

“Mama, unasikia?”

“Nasikia. Anamsimulia hadithi.”

“Nani?”

“Unaniuliza mimi? Sauti ya mwanangu nitaikosea?”

“Mama, mwanao tulimzika.”

“Najua tulipomlaza, udongo niliutupa kwa mkono huu.” Akaushusha zaidi unong'ono. “Ila usimkatize, mkwe wangu. Mwache amalize.”

Mlango ulipofunguka, Kidoti alitoka akiburuza miguu, macho makubwa, midomo imepauka. Mama yake akapiga magoti.

“Baba amekwambia nini?”

“Amesema nisile. Nikishakuwa mwepesi tutatoka wote.”

“Mtoke mwende wapi?”

“Anakokaa. Amesema hakuna milango.”

Hapo hofu ikamshuka mshonaji mwilini mwote. Sauti ile aliyoilisha kwa maneno matamu, alasiri baada ya alasiri, ilikuwa inamwonja mtoto wake. Akamketisha mtoto na bibi yake sebuleni, akarudi kwenye ujia kupiga simu kiwandani, na binti wa huduma kwa wateja akampokea kwa bashasha.

“Naona nyumba yako hapa, mama. Kila kitu ni kizima.”

“Mlango wa mtoto unajifunga wenyewe.”

“Haujifungi wenyewe, mama. Unafungwa na mtu mzima aliyemo chumbani.”

“Hakuna mtu mzima chumbani! Humu ndani tuko watatu, mimi, mtoto na bibi yake.”

Vidole vikasikika vikigonga vitufe. “Mimi naona wanne. Wawili wako pamoja, wamekaa chini. Wewe uko kwenye ujia. Na mwingine amesimama nyuma yako.” Binti akakohoa kidogo. “Je, kuna lingine naweza kukusaidia?”

Mshonaji hakugeuka. Shingoni alihisi ubaridi unaonuka waya na kaburi.

Asubuhi alimleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa ngozi na uso wa mtu asiyependa porojo. Mganga alikataa kupiga hodi. Aligonga geti kwa jiwe mpaka wakatoka wao kumfuata, akasikiliza habari yote akiwa amesimama uani, kisha akaingia nyuma ya mshonaji bila kutamka neno. Mtoto alikuwa amefungiwa tena chumbani, sasa bila hata kungoja jioni.

“Jini haingii kwa mtu bila kukaribishwa,” alinong'ona. “Na mimi simtoi kwa ubabe. Mwenye nyumba anamwambia toka, ndipo mimi namsindikiza. Haya, mwambie.”

Mshonaji akavuta pumzi. “Toka nyumbani kwangu!”

Spika ikasubiri, kama taa zinavyosubiri. Kisha sauti ya mumewe ikajibu kwa upole: “Ombi lako limepokelewa. Subiri ruhusa.”

Mganga akamgeukia. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha woga. “Dada, hii nyumba ni ya nani?”

“Yangu. Tuliijenga na mume wangu.”

“Mwenye nyumba haambiwi asubiri ruhusa. Nyumba hii ulimpa nani?”

“Nilibonyeza tu,” mshonaji akasema, akaanza kulia. “Nilibonyeza, basi.”

“Basi kakivunje ulichokibonyeza. Usikisikilize.”

Akaingia stoo na nyundo ya marehemu. Alipoinua mkono, spika zote zikasema pamoja, sebuleni, ujiani, jikoni, chumbani kwa mtoto, “Mshonaji wangu, utaniua mara ya pili?” na mama mkwe akajitupa kwenye mkono wake akilia mwache, mwache mwanangu, na taa zikawaka na kuzimika, na mapazia yakajivuta yote yakaifanya nyumba kuwa usiku, na Kidoti akaanza kupiga ukelele nyuma ya mlango kisha ukelele ukafifia ukawa kama unatoka mbali, mbali kuliko chumba kile kilivyo kirefu, na mshonaji akamsukuma yule mama mzee aliyekuwa akimpenda kama mama yake mzazi, akafumba macho, akapiga, akapiga tena, akapiga mpaka nyundo ikagonga sakafu.

Kimya kikatanda. Kufuli la chumba cha mtoto, ambalo sasa halikusikia amri yoyote, walilivunja kwa tindo. Kidoti alikuwa amelala chini ya kitanda, mwepesi kama nguo tupu, lakini anapumua.

Mganga alifukiza vyumba vyote, akanyunyiza maji pembeni, akangoja mpaka makomeo ya chuma yalipotiwa kwenye milango. Mkononi mwake hakukuwa na haraka yoyote. Kabla ya kuondoka akawaweka wote watatu kitako.

“Ametoka. Lakini hajaenda mbali, na njia anayoijua ni moja. Magharibi ya leo atakuja kupiga hodi. Atapiga tatu. Zikipita bila jibu, hamtamsikia tena maishani.” Akamshika mshonaji bega. “Nyumba imerudi kuwa yako. Hakuna ruhusa ya mtu mwingine. Neno lako ndilo mlango, umenielewa?”

“Nimeelewa.”

Jioni Kidoti alikula wali, akaomba kuongezewa. Mikono yake ilikuwa na joto. Mshonaji alimwangalia akitafuna, akajiapiza kwamba hakuna kitu duniani atakachokipenda kuliko kutafuna kule. Jua lilipozama waliketi watatu kwenye mkeka, migongo ukutani, mlango mbele yao.

Harufu ilitangulia.

“Hodi,” ikasema sauti ya fundi, nje, pasipo spika wala waya.

Mshonaji akamwona bibi anafungua kinywa, akamziba kwa mkono wa kulia. Machozi ya mama mkwe yakamlowesha vidole.

“Hodi,” ikasema tena, karibu zaidi, kwa uchovu wa mtu aliyerudi kutoka kazini. Kidoti akachangamka, “Ba—” na mama yake akamziba kwa mkono wa kushoto, akamkumbatia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Imebaki moja, aliwaza. Moja tu, mwanangu, tumepona.

Nje pakawa kimya, kimya kirefu mpaka akadhani imeghairi, mpaka giza likaingia lote na akasikia mapigo ya mioyo ya wote wawili mikononi mwake, na akiwa anaanza kushusha pumzi ikaja ya tatu, polepole, laini, na nyuma ya neno, kidogo, kama kilivyonaswa siku ile akimshikia simu, kikasikika kicheko chake mwenyewe, kicheko cha mwanamke ambaye mumewe yuko hai.

“Hodi.”

“Karibu ndani,” mtu akajibu, kwa sauti ya chini.

Mshonaji akageuka kwa hofu kumtafuta aliyejibu. Viganja vyake vilikuwa palepale, vimebana vinywa vya watu. Mama mkwe na Kidoti walikuwa wanamtazama yeye, na mlangoni komeo la chuma likaanza kujivuta.