Tochi ya Verlon

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Verlon, mkulima wa karanga huku kwetu Texas, miezi miwili baada ya kumzika mdogo wake, Royce. Nguruwe mwitu walikuwa wakifukua shamba lake kila usiku, na siku zote alipowawinda, aliyesimama nyuma yake na taa kummulikia ni Royce. Basi akaenda dukani kutafuta tochi ya kufunga kwenye bunduki.

"Chukua hii ya kuchomoka," Darla, mwenye duka, alimwambia. "Unabana kikono hiki, imeshika. Ukimaliza unaivua." Akaifunga chini ya mtutu wa bunduki aliyokuja nayo Verlon, akaitikisa kuona kama inacheza. "Ila kaka, haitakuwa kama Royce."

"Afadhali. Hii haitanicheka nikikosa." Verlon akalipa, akachukua bunduki yake.

Usiku ule akaingia shambani. Hapakuwa na mwezi. Alisikia mikoromo, udongo ukifukuliwa, mashina yakikatika. Akawasha tochi. Nguruwe wakatimka, vishindo vyao vikapotelea kichakani, kukawa kimya kabisa. Hakupiga hata risasi moja. Alikuwa amekwishageuka nyuma kumwambia mdogo wake neno, ndipo akakumbuka.

Alilia pale pale, amesimama. Kisha akageuka tena kutazama kichakani, akazima tochi, akafungua kikono, akaichomoa na kuitia mfukoni.

Kivuli chake kilikuwa bado kimelala mbele yake juu ya karanga, kirefu, kikitikisika polepole, kana kwamba aliyeshika taa nyuma yake alikuwa anahema.