Chinchila na Jivu la Chetezo

Kufuli la kizimba limefungwa, ufunguo uko shingoni mwa Tamima, na chinchila hawamo. Mtu mwenye akili zake angesimama akajiuliza. Tamima hakujiuliza. Alimtukana mavyaa wake kimoyomoyo, kwani mama huyo wa mumewe ndiye aliyekuwa jibu lake la kila kitu, wali ukiungua ni yeye, umeme ukikatika ni yeye.

Wanyama wenyewe walikuwa wawili, manyoya ya kijivu, masikio kama visahani vya kahawa. Majid, kaka yake Tamima, aliwaleta kutoka Muscat wawe wa mpwa wake Nada, mtoto wa Tamima, na tangu siku hiyo Tamima akajiona kapanda daraja. Majirani wa mtaa wa Kiponda wana paka. Yeye ana chinchila, tena wenye chumba chao ghorofani na kiyoyozi, maana joto huwaua. Bi Mwanakheir, mavyaa wake, mwenye nyumba, alilala chumba cha chini kisicho hata pangaboi. Majirani walisema panya ni panya tu hata akivaa koti, na Tamima akawahesabu wote kuwa ni washamba.

Alichokitaka hasa ni nyumba. Mumewe, Jamil, alishamwambia: mama hatoki mpaka atake mwenyewe, na siku atakapotaka, nyumba yetu. Basi Tamima akaifanya kazi ya kumtakisha. Aliisifu Bububu, alikoolewa wifi yake, kwa upepo na kwa kivuli, utadhani analipwa. Kila Alhamisi alikohoa kwa makusudi, kwa kuwa Alhamisi alasiri Bi Mwanakheir huingia stoo na chetezo, akafukiza udi na ubani, akatenga sinia la halua na marashi, kisha akarudi nyuma hadi kizingitini na kusema taratibu, "Karibu, mwenyewe." Jivu la chetezo hicho halitupwi. Huwekwa katika chungu chenye kifuniko, na chungu kikijaa humwagwa baharini. Tamima akiwasimulia mashoga zake, wakacheka mpaka wakalia.

Siku walipopotea chinchila umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri, na joto la Februari limeshaingia kila chumba. Nada alikuwa chuoni, akisoma Kurani. Asubuhi alikuwa amewabusu wanyama wake mmoja mmoja, na mama yake alijua wakifa kilio chake hakitakwisha leo wala kesho. Tamima akashika fagio. Aliona mkia ukipenya nyuma ya kasha, akalisukuma kasha, hapana kitu. Akasikia kucha juu ya boriti, kisha ndani ya ukuta, kisha stoo.

Akampigia simu Majid. Majid alimwambia aweke fagio chini, wanyama hao hufa kwa hofu kabla hata ya joto. Afunge madirisha, atie vumbi lao la kuogea kwenye sinia, kwani chinchila hawaogi maji, huogea vumbi. Kisha akae chini, atulie, awaite kwa upole. Watakuja wenyewe mpaka mapajani.

Vumbi lao lilikuwa limekwisha. Tamima akaingia stoo, akakifunua chungu.

"Jivu hilo lina mwenyewe, Tamima," Bi Mwanakheir alisema kutoka ukumbini.

"Jivu ni jivu, mama. Mwenyewe akiona vibaya, aje aseme."

Bikizee alimtazama kama anavyotazamwa samaki wa juzi sokoni. Hakumbembeleza. Akavuta kanga yake, akaenda zake. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani ataufundisha mguu uliojaa majivuno?

Tamima alifunga mlango na dirisha, akamimina jivu lote kwenye sinia, akakaa sakafuni kakunja miguu, kapu ubavuni. "Njooni," aliita. "Karibu. Karibu, mpenzi, usiogope."

Chinchila wa kwanza alitoka nyuma ya magunia, akajigaragaza jivuni, akapanda mapajani. Tamima akamtia kapuni. Akaja wa pili, naye akatiwa. Tamima alitabasamu, akawaza jinsi atakavyowahadithia mashoga zake, akashika ukuta ili ainuke.

Hapo ndipo aliposikia harufu ya udi, udi mbichi unaoanza kushika moto, na chetezo kiko pale pale rafuni, kimepinduliwa, kimepoa. Kisha akasikia kucha zikija kutoka pembe ya giza, si mbio kama zile za wanyama wake, bali polepole, kama mtu mzima anayeingia kwake na hana haraka, zikafika kwenye sinia, na jivu likaanza kusogea upande huu na upande ule, na akataka kupiga kelele lakini aliona haya, naam, haya, ataonekanaje yeye kumwita kikongwe amwokoe, basi akanyamaza, na katika kunyamaza kwake kitu chenye manyoya kilimpanda mapajani, kikajikunja, chepesi kama chinchila, kisha kizito kama mtoto aliyelala, kisha kizito zaidi, hata miguu yake ikafa ganzi, naye akapeleka mkono kukisukuma, akapapasa manyoya laini ya moto, na ndani ya manyoya akakuta vidole vya mtu, vikavishika vyake.

Mlango ulipofunguliwa alikuwa bado pale. Bi Mwanakheir alisimama kavaa buibui lake, kamshika Nada mkono. Hakuingia. Akavuta kapu kwa ncha ya mkongojo, akampa mtoto wanyama wake, akamwambia atangulie ukumbini.

"Tangu niliposhushwa nyumba hii biarusi namwekea sinia," alisema kwa sauti ya chini. "Anakula, anakwenda zake. Nami sijakaa chini mbele yake hata siku moja. Wewe umemkaribisha mapajani."

Machozi yalimtiririka Tamima, mdomo haukusogea.

"Usinililie. Nyumba si ulikuwa unaitaka? Nnakwenda Bububu, na Jamil ntamwambia nimetaka mwenyewe. Nada nnakwenda naye. Hapa si pahala pa mtoto tena."

Ukumbini Nada aliuliza kama mama haji. Tamima alimsikia vizuri. Alikusanya nguvu zake zote, akafumbua kinywa amwite mwanawe arudi. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume, mtu mzima, mpole. Ilimshukuru Bi Mwanakheir kwa wema wake wa siku zote, ikamwombea safari njema, na ikamtaka, akitoka, aufunge mlango kwa nje.