Kihispania cha Damari

Kila siku Damari akitoka shule, kazi zake zilikuwa zile zile: kuchota maji, kuchambua mchele, kumsogezea kuni shangazi yake Devota, ambaye anawapikia watalii pale Idodi, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Lakini wiki ile mtoto hakutulia. Wageni kutoka Hispania walikuwa njiani, na mjomba Tadeo, yule anayetembeza watalii, alikuwa anamfundisha maneno ya mezani. "Buen provecho", karibuni chakula. "¿Más arroz?", niongeze wali? Akawa anayaimba mpaka mbuzi nao wakachoka kumsikia.

Siku wageni walipofika, Tadeo akaitwa kufuata gari lililoharibika. Shangazi akasita, nani sasa ataongea na wageni? Damari akasema mjomba aende tu, Kihispania yeye anakijua chote. Basi Tadeo akaenda.

Damari akapita na birika na beseni, akiwanawisha mikono. Mama mmoja mwenye kofia akaonyesha bakuli la majani ya maboga yaliyoungwa karanga, akauliza jambo refu, uso una wasiwasi, mkono kooni. Damari hakuambulia kitu. Aibu ikamshika. Akatabasamu, akajibu, "Sí, sí." Yaani ndiyo, ndiyo. Mama akashukuru, akajipakulia.

Sasa mbona roho haitulii? Akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Ule mkono kooni ulimsumbua. Mtu hashiki koo kwa kuuliza chumvi. Alipomwona mama anamega tonge la kwanza, Damari akaliweka beseni chini, akaivuta sahani yake.

Shangazi akaja mbio. "We Damari, mgeni ananyang'anywa chakula?"

"Shangazi, aliniuliza kitu sikuelewa, nikajibu ndiyo tu. Kihispania sikijui. Najua vineno vichache."

Shangazi hakubishana. Alileta kila alichopikia, akamwonyesha mama kimoja kimoja. Nyanya, sawa. Kitunguu, sawa. Alipofunua karanga za kutwanga, mama akaruka nyuma, akajikaba koo kwa mikono miwili kuonyesha zingemfanya nini. Kumbe aliuliza kama mboga ile ni salama kwake. Akaletewa maharage, akala salama.

Shangazi akamvuta Damari pembeni. "Kutojua sio kosa, mwanangu. Kosa ni ile ndiyo yako. Ukisema hujaelewa, watu wanatafuta njia nyingine, kama tulivyofanya. Ukidanganya, wanakula tu."

Kisha akamsukuma bega taratibu. "Haya, kamuulize karanga kwao wanaziitaje."