Nigeuze Upande

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata jirani yetu Spéciose na mumewe Égide, na nayasimulia kwa ruhusa yao.

Tunaishi Campbelltown, huku kusini mwa dunia, ua kwa ua. Égide nafanya naye kazi kwenye ghala moja kule Wetherill Park. Mke wangu Kendi ni nesi, na Spéciose anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani wasije wakapata vidonda vya mgongo. Wao ni Warundi waliooana kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Kiswahili chao kina Kifaransa kingi ndani yake, lakini tunaelewana.

Siku waliyoondoka ilikuwa Jumamosi ya Aprili, jua limetulia, majani ya miti ya jirani yameanza kupukutika, maana huku kwetu Aprili baridi ndiyo inaingia. Nilikuwa nimeahidi kuwapeleka uwanja wa ndege, na njia nzima Égide hakufunga mdomo. Alipokuwa shule ya msingi kwao Burundi, kitabu chao cha kusoma Kifaransa kilikuwa na picha za kijiji: kanisa, daraja la mawe, ng'ombe weupe na barabara yenye miti pande zote mbili. Tangu hapo alikuwa anataka kukiona kijiji kama kile. Sasa huko Ulaya maua yanachipua, binti yao Lyse ameshaingia chuo na anaweza kubaki peke yake, basi wakaamua kwenda kuzunguka mashambani kwa karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari. Wangelala wapi? Kwenye kambi za watalii. Égide alicheka aliponiambia hivyo. Alisema maisha yake yote alikuwa anatafuta namna ya kutoka kambini, na leo analipia kuingia.

Gari walipewa na binamu yake Niyongabo, anayeishi Lyon. Karavani waliikodi kwa mama mmoja wa kijijini, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiiweka ghalani kwake. Mama huyo aliwaelekeza kila kitu, gesi, maji, taa, lakini alifanya hivyo akiwa amesimama nje, anaonyesha kwa kidole kupitia dirishani. Hakukanyaga ndani. Égide alidhani anaogopa kuchafua kwa viatu vya matope.

Mwanzoni walifurahi. Spéciose alimtumia Kendi picha: mashamba ya maua ya manjano mpaka upeo wa macho, wana-kondoo, Égide ameshika mkate mrefu kama fimbo. Mchana wakasimama kando ya mto. Égide akaenda kutafuta maji, Spéciose akajinyoosha kitandani kwao, kule mbele. Nyuma kulikuwa na kitanda kingine chembamba, chenye pazia. Walikuwa wameweka mabegi chini yake, juu hakuna kitu.

Usingizi ulikuwa umeanza kumchukua aliposikia pumzi.

Pumzi ile aliijua. Ni ile ya mzee aliyelala upande mmoja muda mrefu, inayovutwa kwa taabu, inakatika kidogo, inarudi. Anaisikia kazini kila siku. Kwa hiyo hakushtuka. Akili yake, ikiwa nusu usingizini, ilimwambia yuko kazini. Halafu sauti ya mwanamume ikanong'ona kwa Kifaransa.

"Nigeuze upande."

"Nakuja, baba," Spéciose akajibu.

Akainuka. Akavuta pazia. Akaingiza mkono mmoja nyuma ya bega na mwingine nyuma ya nyonga, kama anavyofanya kila siku, akavuta kuelekea kwake. Mikono ikapata uzito. Mifupa, nguo nyepesi, joto kidogo. Mtu akageuka.

Hapo ndipo akafumbua macho vizuri.

Kitanda kilikuwa kitupu. Lakini godoro lilikuwa limebonyea, shimo refu la umbo la mtu, na alipokuwa akilitazama, lilianza kujaa polepole.

Alimngojea mumewe nje, kwenye nyasi, viatu mkononi. Alipomweleza, Égide hakumcheka. Aliingia, akakagua, akaomba kwa sauti kwa jina la Yesu, akasema ni uchovu wa ndege. Wakafunga safari tena kabla ya chakula.

Kambi waliyofika jioni ile ilikuwa na bustani na watoto wanaocheza mpira. Mhudumu wa mapokezi, msichana mchangamfu, alitoka kuwaonyesha nafasi yao. Akawauliza kama yule mzee aliyelala dirishani angehitaji kiti cha magurudumu kwenda bafuni. Égide akamwambia wako wawili tu. Msichana akatazama lile dirisha la nyuma, akamtazama Égide, akarudi ofisini bila kuaga.

Maji ya chai yalikuwa hayajachemka Égide alipoisikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Nigeuze."

Hakumaliza kupika. Alizima gesi, akawasha gari, wakaondoka.

Wakagundua kitu kimoja. Karavani ikitembea, kuna kimya. Ikisimama, baada ya muda mfupi pumzi inaanza, kisha sauti. Basi wakawa watu wa kutembea. Waliita utalii, lakini hawakuwa wanatalii. Walikula mkate garini. Walipokezana usukani. Walilala kwenye viti, mmoja anasinzia mwingine anaendesha. Walipita makanisa, wakapita madaraja ya mawe, wakapita hata ile barabara yenye miti pande zote mbili, na Égide hakugeuza kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, yakitazama kile kitu cheupe kinachomfuata.

Kwenye milima gari likawa linalemewa. Mizigo ilikuwa ile ile, ila gari lilikoroma kama linavuta ng'ombe.

Spéciose alimpigia binti yake. Hakumweleza lolote, alitaka tu kusikia sauti ya mtu. Lyse, kwa Kiingereza chake kama kawaida, akamuuliza ni nani huyo anayekoroma garini. Gari lilikuwa linatembea, na Égide alikuwa macho.

Spéciose alimwambia mumewe wairudishe ile karavani mara moja. Égide alikubali. Lakini walikuwa wameshakwenda mbali sana, na yeye hakuwa na usingizi wa kutosha mwilini. Saa sita mchana, jua likiwaka, njia imenyooka kati ya mashamba ya manjano, alisinzia. Magurudumu yakaingia kwenye majani. Spéciose akaushika usukani. Gari likasimama kwenye ukingo wa mtaro, injini ikazimika.

Kimya. Ndege wanalia. Hakuna nyumba karibu.

Sauti ikaanza. Safari hii haikunong'ona. Ilikuwa inalia, kama wanavyolia wale waliosahauliwa tangu asubuhi. Égide alijaribu kuwasha gari. Likakataa. Akajaribu tena. Akasema waache gari na karavani pale pale, waende kwa miguu mpaka kijiji chochote.

Spéciose akafungua mlango.

"Mama Lyse, usiende."

"Baba Lyse, mgonjwa haachwi analia."

Aliniambia mwenyewe kwamba haukuwa ujasiri. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hufanya kile mikono yake imezoea. Aliingia. Ndani kulikuwa na mwanga mwingi na joto, na harufu ya sabuni ya zamani. Akavuta pazia. Hakuangalia. Akafumba macho, akaingiza mikono, akamgeuza. Akamnyooshea shuka. Akampangusa paji la uso kwa kiganja, na paji lilikuwepo, lina jasho.

Kilio kikakoma.

Akasimama aondoke. Na kwa mazoea, bila kufikiri, akamwambia neno analowaambia wazee wote anapotoka chumbani. Akalisema kwa Kifaransa, ili aelewe.

"Nitarudi."

Gari likawaka mara moja.

Njia yote ya kurudi hawakusikia kitu. Wakasimama, wakala, wakalala kitandani hadi kukapambazuka. Karavani ikawa nyepesi. Égide akaanza hata kuimba. Walipofika kwa yule mama, aliwapokea nje ya lango. Hakuuliza kama waliifurahia safari. Alimshika Spéciose mkono, akamwuliza taratibu kama alimgeuza. Spéciose akaitikia kwa kichwa.

"Ulimwambia nini ulipotoka?"

Spéciose akamwambia.

Yule mama aliuachia mkono wake kama ameshika kaa la moto. Akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango, na wakamsikia akizungusha ufunguo. Funguo za karavani waliziacha juu ya ukuta.

Niliwachukua uwanja wa ndege. Safari hii Égide hakusema neno. Haya yote niliyasikia baadaye, kidogo kidogo, na mengi aliyasema Spéciose jikoni kwetu, akiwa amesimama. Hakai siku hizi. Siku zake za mapumziko anapanda treni hapa Campbelltown, anakwenda mpaka mjini, anageuza, anarudi, anakwenda tena. Anasema kwenye treni anapumzika.

Wiki iliyopita alikuja kwa Kendi akilalamika maumivu ya bega na nyonga. Kendi akampeleka chumbani, akafunga mlango. Walikaa humo muda. Kendi alipotoka aliniomba nimwite Égide, na sauti yake ilikuwa ya kazini, ile ya kutotaka kumtisha mtu.

Nyuma ya bega la Spéciose kulikuwa na alama za vidole, nyekundu zinazoelekea weusi. Nyingine nyuma ya nyonga. Kendi alimwomba Égide aweke mkono wake juu ya alama hizo. Vidole vyake havikufika. Na isitoshe, usiku uliotangulia Égide alikuwa na mimi ghalani, zamu nzima.

Kendi akamwuliza Spéciose kama huwa anaamka akiwa amelala upande ule ule aliolalia. Spéciose akasema hapana. Hulala ametazama mlango, huamka ametazama ukuta.

Mke wangu amegeuza wagonjwa maisha yake yote. Aliniambia usiku ule, taa tukiwa tumeiacha inawaka, kwamba alama kama zile huonyesha mtu anayevuta amesimama upande gani. Nikaenda kwa Égide asubuhi yake, tukaingia chumbani kwao pamoja. Kitanda chao kimesukumwa hadi ukutani. Nilijaribu kupitisha kiganja kati ya godoro na ukuta.

Hakikupita.

Na huyo aliyemvuta alikuwa amesimama upande huo.