Mkono wa Inspekta

Asadi kinyozi alimpata Sabra kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe. Siku hiyo Mikindani ilifurika watu tangu asubuhi. Waigizaji wa Kikosi cha Bandari, ule mchezo wa polisi ulioziteka runinga za kusini nzima, walikuwa wanarekodi mtaani, na Asadi alikuwa amefunga saluni yake ya Mtwara mjini kwa ajili yao. Alisukumana na watu mpaka akafika mbele kabisa, kifua kikigusa kamba. Inspekta Makota akapita na bastola yake, na nyuma yake akachomoza jambazi kutoka uchochoroni, panga mkononi. Watu kimya. Uzalendo ukamshinda Asadi.

"Inspekta, nyuma yako!"

Mwongozaji akavua kofia akaibwaga chini. Jambazi akarudi uchochoroni kuanza upya, na umati ukamzomea Asadi mpaka masikio yakamwaka moto. Katikati ya zomeazomea hiyo akasikia mwanamke anacheka, kicheko cha kutoka tumboni hasa. Akageuka. Baibui jeusi, mtandio wa rangi ya embe bivu, kikapu cha hina begani, na macho yanayotoka machozi kwa kucheka.

"Kaka yangu," akasema yule dada, "huyo jambazi wako hata kuku hawezi kumchinja. Na panga lenyewe la mbao."

"La mbao au la chuma, mimi nisingenyamaza mtu auawe."

"Basi siku nikivamiwa nitakuita wewe."

Ndivyo ilivyoanza. Sabra alikuwa mpambaji wa maharusi, mtoto wa Mikindani, na kundi lile lilikuwa limemwajiri kuwachora hina na piko waigizaji wa kike. Siku ile ile Asadi aliondoka na namba yake ya simu, na tangu hapo ikawa asubuhi simu, mchana simu, laazizi umekula, laazizi umelala vipi, mpaka wateja wa saluni wakawa wananyolewa huku wanasikia mapenzi ya watu. Haikuchukua muda, Mzee Thabiti, mjomba wake Asadi, akavaa kanzu na koti akaenda kwa wazazi wa Sabra kama mshenga. Posa ikapokelewa, na arusi ikapangwa iwe Shaabani, kabla ya mfungo.

Lakini penzi la Asadi lilikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni wivu. Zamani alikuwa akimtazama Inspekta Makota kwa raha zote, anampigia makofi kama ndugu yake. Sasa alipojua kwamba mchumba wake anashinda na watu wale kutwa, utamu wa mchezo ukamtoka. Ayubu, mwigizaji aliyekuwa ndiye huyo Makota, alikuwa kijana mrefu, sauti nzito, ndevu zimechongwa vizuri, na Asadi kwa kazi yake alijua ndevu za namna hiyo zinachongwa kwa ajili ya nani. Akawa anauliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Leo mlikula na nani? Gari mlipanda wangapi? Sabra alikuwa anacheka tu na kumwambia kichaa wangu wewe.

Jumamosi moja alasiri, saluni imejaa, runinga inaonyesha marudio ya Kikosi cha Bandari. Asadi ana mteja kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Mke wa Inspekta amelazwa hospitali, naye Inspekta amekuja kumuaga kabla ya kwenda kupambana na majambazi. Nyuso zikaondoka, kioo kizima cha runinga kikajaa mkono wa mwanamke uliochorwa hina, umelazwa juu ya shuka jeupe. Ukaja mkono wa Inspekta, saa yake kubwa, kishikizo cha sare ya polisi, ukaushika ule wa mwanamke, na kidole gumba kikaupapasa taratibu, hakina haraka hata kidogo. Saluni nzima ikaguna.

"Huyu bwana anajua kushika," akasema mmoja.

Asadi hakumsikia. Chini ya kidole gumba cha yule mwanamke aliona kovu dogo la mafuta ya maandazi, refu kama punje ya mchele. Kovu hilo alilijua, maana ndilo alilokuwa akilitazama kila alipoona haya kumtazama Sabra usoni. Mke wa Inspekta aliigizwa na dada aitwaye Warda, na Warda hakuwa na kovu. Ule ulikuwa mkono wa mchumba wake, unapapaswa na Ayubu mbele ya Tanzania nzima. Mashine ikaendelea kunguruma hewani, mteja akaanza kulalamika, na Asadi akatoka nje, akamwacha vile vile.

Akapiga simu. Angeuliza moja kwa moja yangeisha pale pale, lakini mwenye wivu hataki jibu, anataka ushahidi.

"Inspekta hajambo?" akaanza, sauti kavu.

"Hajambo. Leo umemkumbuka?"

"Nimeona mkono wake kwenye runinga."

Sabra akacheka, na kicheko hicho kikamchoma Asadi ubavuni. "Aa, umeona. Mkono wenyewe mzito, lakini nishauzoea. Jumamosi ijayo mashabiki wanakutana na kundi zima hapa Mikindani. Njoo laazizi, nina cha kukuonyesha."

Nishauzoea! Asadi akakata simu. Wiki hiyo hakupokea tena. Ujumbe ulipoingia aliusoma, akausoma tena, akaufuta. Chakula hakikupita, na usingizi ulipomjia ulimletea kidole gumba. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, akamkamata Mzee Thabiti mlangoni mwa msikiti na kumtaka arudi kwa wazazi wa Sabra akavunje uchumba. Akawaambie kwamba mkono ulioposwa umeshikwa na mwanamume mwingine, na nchi nzima imeshuhudia.

Mzee Thabiti akavaa viatu vyake taratibu. "Umemuuliza binti mwenyewe?"

"Nimuulize nini mjomba, na nimeona kwa macho yangu?"

"Haya. Mimi ni mshenga, nabeba ninachotwikwa. Ila mzigo huu nitaubeba polepole."

Wakakubaliana aende Jumamosi alasiri. Na Asadi naye alikuwa na safari yake saa hiyo hiyo, maana moyo ulimtuma akamwone huyo Ayubu ana kwa ana, amwambie maneno mbele ya mashabiki wake.

Turubai lilitandwa ufukweni Mikindani, na mashabiki walikuja kama wanakuja arusini. Wanawake wa Mtawanya walikuwa wameshona sare za kitenge cha kijani. Watu wa Nanyamba walileta korosho za kubangua, magunia kwa magunia, kumpongeza Inspekta kwa kuwakamata wezi wa korosho katika mchezo. Bibi mmoja alimng'ang'ania Ayubu kabisa, anamweleza habari za mbuzi wake aliyeibwa, na Ayubu alipojitetea kwamba yeye si polisi, bibi akamwambia asimletee mambo ya kuzungushana, kwani amemwona kila wiki akifanya kazi nzuri.

Sabra alikaa pembeni na mafundi wa mchezo, amevaa dera la zambarau, mikono kaificha ndani ya mtandio. Alipomwona Asadi uso ukamchanua. Asadi akatazama kando.

Mwenyekiti wa mashabiki akatoa nafasi ya maswali, na dada mmoja wa kijani akasimama. Akasema wao hawana swali, wana ombi: Inspekta aushike mkono wa mkewe kama siku ile hospitalini, wapige picha. Watu wakashangilia. Asadi akaanza kupenya kwenda mbele, ngumi zimekaza, maneno yamejaa kinywani. Warda akachukua kipaza sauti.

"Jamani, tusamehane," akasema. "Mkono ule si wangu. Hina ilinikataa, mkono ukavimba kama andazi. Aliyelazwa pale ni Sabra, mpambaji wetu."

Watu wakamgeukia Sabra, naye akaunyanyua mkono wake wenye kovu. Vigelegele vikapasuka. Asadi akaona ndio wakati, akafungua mdomo. Lakini Ayubu alikuwa ameshapokea kipaza sauti.

"Na mimi nitubu, maana mmenisifu sana. Siku ya kurekodi mikono sikuwepo kabisa, nilikuwa nimeshapanda ndege ya asubuhi kwenda Dar. Mwongozaji akakosa mkono, akamvalisha shati langu na saa yangu mtu mwingine. Mama, simama."

Akasimama Bi Beatrice, mtunza mavazi, mama wa Kimakonde mwenye wajukuu na mikono mipana iliyotwanga mahindi miaka yote. Akaipunga yote miwili. Turubai likataka kung'oka kwa vicheko, na wanawake wa Mtawanya wakakimbilia kuipiga picha. Asadi alibaki amesimama katikati, mdomo wazi, ngumi bado zimekaza, hazina wa kumpiga.

Sabra akamfuata hapo. "Ndicho nilichotaka kukuonyesha," akasema. "Tulikatazwa kusema mpaka leo. Nilijua utacheka."

Asadi hakucheka. Mjomba! Akatoka nje ya turubai mbio, Sabra nyuma yake, akapiga simu. Ikaita, ikaita.

"Mjomba, uko wapi?"

"Barazani kwa wakwe zako," akajibu Mzee Thabiti, mdomo umejaa. "Wameleta kahawa na kashata. Sasa wanasema nisiondoke, kuna samaki wa nazi."

"Umeshasema?"

"Hata sijameza, nitasemaje?"

Roho ya Asadi ikatulia, lakini mkono wa Sabra ulikuwa umeshaichukua simu.

"Shikamoo mjomba. Umetumwa nini kwetu?"

Mzee alijaribu kukwepa, akaulizia hali, akaulizia kazi. Sabra akarudia swali lake kwa adabu ile ile. Mshenga akaona hana pa kutokea, akayasema yote kama alivyotwikwa, mkono ulioposwa, mwanamume mwingine, nchi nzima. Sabra alisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwa Asadi, na machozi yakamjaa bila kudondoka. Asadi angetoa chochote ardhi immeze.

"Kovu dogo vile ukalitambua," akamwambia, simu bado sikioni. "Mimi mzima ukashindwa kunitambua."

"Nimekosa, Sabra. Wivu ulinipofusha. Nilidhani nimeshakupoteza, nikaona bora nikuache mimi kabla hujaniacha wewe."

Kule barazani Mzee Thabiti alisikika akinywa kahawa.

"Mjomba," akasema Sabra hatimaye, "hayo yameze na kashata yako. Mwambie baba umekuja kuomba arusi isogezwe, iwe baada ya Idi."

"Baada ya Idi!" Asadi akashtuka. "Ramadhani nzima?"

"Ufunge. Na ukiwa na jambo moyoni, unaniuliza mimi, humtumi mzee wa watu."

Akamrudishia simu. Asadi akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni, akajikohoza.

"Basi naomba kuuliza sasa hivi."

"Uliza."

"Nikushike mkono?"

"Baada ya Idi," akasema Sabra, na tabasamu likamponyoka.

Bi Beatrice alikuwa anapita na furushi la sare za polisi begani. Akasimama, akamtazama Asadi juu mpaka chini, akamnyooshea kiganja chake kipana.

"Shika huu kwanza, mwanangu. Wenzako wote wameupenda."

Asadi akaushika.